Mufwankolo na mizani ya kicheko: Kalemie irithi nini?

Katika Kongo ya kusini-mashariki, jina la Mufwankolo linajulikana kuliko jina la mwenye jina. Wengi wanajua ni mchekeshaji wa Lubumbashi. Wachache wanajua kwamba anaitwa Odilon Kyembe Kaswili. Na ukiuliza amefanya nini hasa, majibu hayapatani. Wapo wanaomwita mwalimu wa umma. Wapo wanaosema alikuwa kipaza sauti cha redio ya serikali. Walimu wa lugha wanamlaumu kwa Kiswahili alichokieneza. Vijana wanaotazama vichekesho vya dakika mbili kwenye simu wanadhani sanaa hii imeanza na simu.

Mabishano haya yana uzito wa pekee Kalemie. Mwaka 2015 Katanga ya zamani iligawanywa katika majimbo manne, na Kalemie ikawa makao makuu ya jimbo la Tanganyika. Kabla ya hapo, redio, televisheni na michezo ya kuigiza ya kutazamwa kama mfano vilikuwa Lubumbashi. Sasa jimbo linajitegemea na linahitaji jukwaa lake. Swali ni je, lichukue nini kwa mwanzilishi huyu, na liache nini?

Chimbuko: kambi za kazi na redio

Maigizo ya Mufwankolo yalizaliwa katika miji ya wafanyakazi. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza katika miaka ya 1920 kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, badala ya kuwarudisha makwao kila mkataba mfupi ulipokwisha. Walikuwa Waluba, Wabemba, watu wa Kasai, na wengine waliotoka Rwanda na Burundi. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, ingawa kwa wengi wao hakikuwa lugha ya mama wala ya baba. Watoto waliozaliwa humo kambini ndio waliokifanya kuwa lugha ya nyumbani.

Kalemie ilipata Kiswahili kwa njia nyingine. Wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wamekivusha Ziwa Tanganyika kabla Wabelgiji hawajajenga kituo cha Albertville mwaka 1891. Wamisionari Wakatoliki, Mapadri Weupe, walikabidhiwa kituo cha Mpala mwaka 1885 na wakakitumia katika dini na shule. Reli kutoka Kabalo ilipofika ziwani mwaka 1915, Kiswahili cha ziwa kilikutana na cha migodini. Ndiyo maana mtu wa Kalemie anamwelewa Mufwankolo bila shida, na papo hapo anasikia kwamba huyu ni mtu wa Lubumbashi.

Katika miaka ya 1950, vijana wa komini ya Kenya, ambayo ni sehemu ya jiji la Elisabethville (Lubumbashi ya leo) na si ile nchi ya Afrika Mashariki, walikuwa na kundi la Jecoke, yaani Jeunes Comiques de Kenya. Kuimba, kucheza dansi na kuchekesha vilikwenda pamoja. Mpiga gitaa Édouard Masengo alitajwa sana na kundi hilo kabla ya kufanya kazi ya muziki Nairobi. Mkondo huo ndio uliomleta Mufwankolo. Michezo yake iliingia redioni, kisha televisheni, na ikabaki humo miaka mingi. Aliigiza ugomvi wa mume na mke, deni lisilolipwa, ulevi wa siku ya mshahara, mjomba wa kijijini anayefika mjini bila taarifa. Hayo ni mambo ambayo kila nyumba ya kambini iliyajua.

Mchezo usioandikwa

Bila kujua michezo hii ilitengenezwaje, hukumu zote zinazofuata zinapotoka. Tuna bahati kwamba utaratibu wake umehifadhiwa. Mwaka 1986 mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian, ambaye aliwahi kufundisha chuo kikuu Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alirudi mjini humo. Aliliuliza kundi la Mufwankolo juu ya methali moja aliyokutana nayo: kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi vipande. Wachezaji waliichukua methali hiyo wakaifanya mchezo, na Fabian akarekodi safari nzima, kuanzia mazungumzo ya kwanza mpaka onyesho lililopigwa picha kwa ajili ya televisheni. Kitabu chake kilitoka mwaka 1990, kikiwa na maneno ya wachezaji wenyewe kwa Kiswahili chao.

Rekodi hizo zinaonyesha kazi isiyokuwa na mwandishi mmoja. Kundi linaanza na wazo. Linajadili maana yake, na wakati mwingine halikubaliani. Linapanga matukio na kugawana nafasi: nani mfalme, nani mzee wa baraza, nani mke mwenye ulimi mkali. Halafu kila mchezaji anatunga maneno yake mwenyewe, anayajaribu mbele ya wenzake, anapunguza, anaongeza. Mufwankolo ni kiongozi anayeamua lini tukio limekolea, lakini maneno si yake peke yake.

Kuna sababu za kutoandika. Wachezaji wa aina hii mara nyingi huwa na kazi nyingine, na redio inadai mchezo mpya bila kusubiri. Zaidi ya hayo, shule ziliwafundisha kuandika Kifaransa. Kiswahili cha kambini hakikuwa na daftari. Kumpa mchezaji karatasi yenye maneno ya Kifaransa, au ya Kiswahili cha kitabu, kungemnyang'anya silaha yake kubwa, yaani ulimi anaoutumia kila siku.

Msimamo wa kwanza: mwalimu wa umma

Wanaomtetea Mufwankolo wanasema aliwafundisha watu kuishi mjini. Mgeni aliyetoka kijijini alijifunza redioni hatari ya kukopa, namna ya kukaa na jirani wa kabila jingine, na aibu ya baba anayemaliza mshahara kabla hajafika nyumbani. Kicheko kilimfikia asiyejua kusoma. Kwa jimbo kama Tanganyika, ambalo maeneo yake ya Moba, Manono, Nyunzu, Kabalo na Kongolo yametengwa na barabara mbovu, hoja hii ina nguvu: sauti hufika pasipofika gazeti.

Hata hivyo, msimamo huu unasahau swali moja. Mafunzo hayo yalimlaumu nani? Katika vichekesho vya aina hii, mara nyingi anayechekwa ni maskini: mlevi, mwanamke mtumia hovyo, mshamba asiyejua taa. Mishahara midogo na bei za soko hazionekani jukwaani. Mchezo unaomwambia mfanyakazi abane matumizi, bila kuuliza kwa nini hana cha kubana, unafundisha nusu ya somo.

Msimamo wa pili: sauti ya wakubwa

Wapinzani wanaanzia hapo. Redio na televisheni za Zaire zilikuwa za serikali. Chama cha MPR cha rais Mobutu kilianzishwa mwaka 1967, kikawa chama pekee, na kila raia akahesabiwa mwanachama wake. Mwaka 1971 nchi ilibadilishwa jina kuwa Zaire, na nyimbo na ngoma zikageuzwa kuwa sifa za kiongozi. Kundi lililopata nafasi kwenye mawimbi hayo kwa miaka mingi, wanasema, lisingeweza kuipata kama lingemuudhi Mobutu. Kicheko chake kilikuwa mlango wa kupumulia: watu wanacheka leo, kesho wanarudi kazini kimya.

Hoja ya mazingira ni kweli, lakini hitimisho lake linashindwa kuueleza mchezo wa 1986. Kundi lililokuwa chini ya chama kimoja lilikubali kuigiza jambo lile lile ambalo halikuruhusiwa kujadiliwa, yaani asili na mipaka ya mamlaka. Liliupeleka mchezo kijijini, kwenye baraza la mfalme na watu wake, mahali ambapo hakuna waziri wala jenerali. Mtazamaji mtiifu angeweza kusikia onyo kwamba ufalme ukigawanywa, kijiji kinaharibika. Mtazamaji mwingine angesikia kwamba kuna mtu anakula peke yake. Yote mawili yamo katika methali yenyewe, na hata wachezaji walibishana juu ya maana yake.

Lakini tusimpe sifa kupita kiasi. Maneno yenye pande mbili humlinda msemaji kuliko yanavyomkabili mkubwa. Mchezo uliweza kuonyeshwa kwa sababu mwenye mamlaka aliweza kuusoma upande wake. Ukweli wa haki ni kwamba Mufwankolo hakuwa mpinzani na hakuwa mtumwa. Alifanya kazi katika nafasi nyembamba iliyokuwepo, akaijaza mpaka pembeni. Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990, nafasi ilipanuka. Udhaifu uliobaki ni kwamba vichekesho vingi havikupanuka nayo: vilizoea kijiji cha kubuni, vikaendelea kukaa humo.

Msimamo wa tatu: anaharibu lugha

Lawama ya walimu si ya kupuuzwa. Kiswahili cha Lubumbashi kinasema "batu" na "bote" pale kitabu kinaposema "watu" na "wote", na kinachanganya Kifaransa katika kila sentensi ya pili. Kongo imekiweka Kiswahili katika katiba ya 2006 kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Mwaka 2022 nchi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwanafunzi wa Kalemie anayevuka kwenda Kigoma kutafuta soko au chuo anahitaji Kiswahili kitakachoandikwa kwenye fomu. Mchekeshaji anayejulikana, wanasema, ana wajibu wa kuwa mfano.

Faida ya msimamo huu ni upeo: mchezo wa Kiswahili sanifu unaweza kuuzwa Bujumbura, Mwanza na Mombasa. Hasara yake ni ladha. Hakuna anayegombana na mkewe kwa Kiswahili cha mtihani. Kenya inatoa ushahidi mzuri: Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi, yaani Benson Wanjau aliyefariki mwaka 2015, alipendwa kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Kiswahili sanifu cha Kenya hakikufa kwa ajili yake. Shule na jukwaa vina kazi mbili tofauti. Likiachwa moja lifanye kazi ya jingine, yote mawili yanazorota.

Lakini mfano huo wa Ojwang unafungua hatari ambayo Kalemie haiwezi kuifumbia macho. Lafudhi ya kabila ni kichekesho rahisi kuliko vyote. Katanga ilishuhudia watu wa Kasai wakifukuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na katika Tanganyika mapigano kati ya Waluba na Watwa yaliwafanya watu wengi wahame makwao, wengi wao wakakimbilia pembezoni mwa Kalemie. Utani baina ya watu wanaoaminiana hujenga. Utani juu ya mtu aliyelala katika kambi ya waliohama kwa sababu ya kabila lake humwongezea adui. Katika jambo hili, si kila kinachochekesha kinafaa kurithiwa.

Kioo cha Afrika Magharibi

Ukimlinganisha Mufwankolo na waanzilishi wa Afrika Magharibi, sura yake inaonekana vizuri zaidi. Nchini Ghana, Ishmael Johnson, aliyejulikana kama Bob Johnson, alianzisha na wenzake kundi la Two Bobs mwaka 1930. Walianza wakiwachekesha wasomi wa miji ya pwani, kisha wakageukia lugha za watu walipozunguka miji ya ndani. Nchini Nigeria, Hubert Ogunde alianzisha kundi la kulipwa mwaka 1945, akafungua njia kwa makundi ya Kiyoruba yaliyosafiri kwa magari. Kutoka humo alitokea Moses Olaiya, "Baba Sala", aliyeishi kuanzia 1936 hadi 2018, ambaye wengi wanamtaja kuwa baba wa vichekesho vya Nigeria.

Tofauti kubwa ni mlango. Magharibi, makundi yaliishi kwa kiingilio. Mtazamaji aliyelipa ndiye aliyekuwa bwana; akichoka, kundi linakufa au linabadilika. Lubumbashi, mlango ulikuwa studio. Redio ilimpa Mufwankolo wasikilizaji wengi kuliko ukumbi wowote, lakini kwa sharti la kukaa chini ya paa la mwingine. Kiingilio hununua uhuru na kuleta njaa. Redio huleta umaarufu na kuchukua sehemu ya uhuru. Hakuna aliyepata vyote viwili.

Hata aliyemiliki mlango wake hakuwa salama. Filamu ya Baba Sala ya mwaka 1982, Orun Mooru, iliibwa na kunakiliwa kwenye kanda kabla hajarudisha gharama zake, akapata hasara kubwa. Kongo ilitunga sheria ya haki za watunzi tarehe 5 Aprili 1986, mwaka ule ule wa mchezo wa mamlaka. Lakini sheria ya namna hiyo inamtafuta mtunzi, na mchezo uliotungwa kwa vinywa kumi unamtaja nani? Jina linalobaki ni la kiongozi. Wenzake waliotunga nusu ya vicheko, Kachelewa akiwa mmoja wao, wanajulikana na wachache. Huo ndio upungufu mkubwa wa njia ya Mufwankolo: kazi ni ya wote, sifa na fedha vinaelekea kwa mmoja.

Kalemie kwenye mizani

Kundi linaloanza leo Kalemie lina njia tatu mbele yake.

Njia ya kwanza ni mashirika ya misaada, ambayo katika mashariki ya Kongo yametumia sana maigizo ya kushirikisha watu ili kupatanisha jamii na kueleza magonjwa. Yanalipa, yanasafirisha wachezaji hadi vijijini, na yanawaruhusu watazamaji kupanda jukwaani. Tatizo ni kwamba ujumbe umekwisha andikwa kabla ya mazoezi kuanza. Mchezaji anaelekezwa kwenye jibu badala ya kulitafuta. Mradi ukifungwa, kundi linafungwa.

Njia ya pili ni simu. Gharama yake ni ndogo, na kijana hahitaji ruhusa ya studio. Lakini video fupi humtukuza mtu mmoja na kichekesho kimoja. Haiwezi kubeba mjadala wa mamlaka unaohitaji baraza zima, wala haimfikii mama wa Nyunzu asiye na intaneti.

Njia ya tatu ni redio. Redio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, ilionyesha kwamba Wakongo wanaweza kukusanyika tena kwenye mawimbi kwa lugha zao, Kiswahili kikiwemo. Redio za jamii zinaweza kufanya hivyo kwa gharama nafuu zaidi. Hata hivyo, redio ya jamii ina wenyewe: mfanyabiashara, kanisa au mwanasiasa. Paa la mwingine limerudi kwa sura nyingine.

Kati ya njia hizi tatu, redio ndiyo inayofaa kuwa msingi kwa sababu ya umbali wa jimbo, simu iwe ya kutangaza, na fedha za mashirika zichukuliwe kama msaada wa safari, bila kuziachia kazi ya kutunga. Sokoni na kwenye viwanja vya parokia, kiingilio kidogo kinaweza kulipa kinachobaki. Kundi lenye milango miwili ni vigumu kulinyamazisha kwa kulifungia mmoja.

Muhtasari

Misimamo yote mitatu imeshika sehemu ya ukweli. Mufwankolo alifundisha, ingawa mara nyingi aliwalaumu walio chini. Alifanya kazi ndani ya chombo cha serikali, lakini alijua kuacha neno lenye pande mbili lipite. Alitumia Kiswahili kisicho cha shule, na bila hicho asingesikilizwa. Wanaobishana juu ya uzalendo wake au sarufi yake wameshika mambo ya pembeni. Kilicho kikubwa ni utaratibu wake: kundi la watu wa kawaida linachukua wazo zito, linabishana juu yake waziwazi, na kulijenga mpaka liwe mchezo katika lugha ya nyumbani. Utaratibu huo hauhitaji jengo wala mtaji mkubwa, na unaweza kufanyika kwa Kiswahili cha ziwa kama ulivyofanyika kwa kile cha migodini.

Vinavyopaswa kuachwa Lubumbashi ni viwili: kicheko juu ya mnyonge na kabila lake, na mazoea ya kufunika majina ya wengi kwa jina moja. Mchezo wa 1986 tunaujua leo kwa sababu mgeni mmoja alikuja na kinasa sauti. Mingine mingi haikupata bahati hiyo. Wachezaji wa Kalemie wasisubiri mgeni. Warekodi mazoezi yao wenyewe, waandike majina ya wote waliotunga, na wakubaliane juu ya mgawanyo wa mapato kabla ya onyesho la kwanza.